Shida si wadada, shida ni lile benchi

Kwa Mhariri,

Nimesoma humu gazetini barua ya msomaji mmoja aliyesema wanawake wanaojiuza hapa Pwani wanapewa dawa ya kuzuia UKIMWI bure na bado hawaimezi, akamalizia kwamba serikali iache kupoteza pesa kwa watu wasiojipenda. Barua ile nimeisoma mara tatu, mara ya tatu niliisoma kwa sauti pale saloni na kulikuwa na wateja wanne, wawili kati yao ndo hao hao anaowasema, mmoja akaniambia dada funga hilo gazeti utaniliza na nywele zangu hazijaisha. Kwa hivyo naomba nafasi na mimi nijibu.

Mimi ni msusi. Nina miaka kumi na moja na saloni yangu hapa Malindi, kutoka kwangu mpaka kwenye mabaa ni mwendo wa dakika mbili tu, na kuanzia saa tisa mchana mpaka magharibi wateja wangu wengi ni wadada wanaojitayarisha kwenda kazini. Kazi yenyewe ni ya kuuza mwili, sizungushi maneno, sote twaijua na waume wetu ndo wateja wao. Nasuka na nasikia. Alafu kile kituo cha wadada kilichokuwa huku mtaani kwa muda mrefu kilikuwa kinaniachia boksi la mipira ya kondomu pale saloni niwagawie, na mimi nikapelekwa semina za waelimishaji rika mara mbili, kwa hivyo haya nitakayosema mengine nimefunzwa na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza dawa yenyewe manake naona hata wanaowalaumu hawa wadada hawaijui. PrEP ni kidonge kimoja kwa siku, anakimeza mtu ambaye hana virusi ili asivipate. Ndani yake mna dawa mbili, mara nyingi tenofoviri na emtrisitabini, ili virusi vikiingia mwilini vikute dawa ishakaa, vishindwe kuzaana. Kenya ilianza kuigawa nchi nzima 2017, hospitali za serikali ni bure, unapimwa kwanza, unarudi baada ya mwezi, alafu kila miezi mitatu unapimwa tena ndo unaongezewa. Haizuii kaswende wala kisonono wala mimba, mpira bado unatakikana. Haigombani na sindano ya uzazi, haigombani na pombe, na mwezi wa Ramadhani unameza baada ya kufuturu, saumu yako haijaguswa. Hilo la Ramadhani nimeulizwa kuliko swali lolote, manake watu wanadhani hawa wadada hawafungi. Wanafunga, na wengine kazi yenyewe wanaiacha mwezi mzima mpaka Idi.

Ila mwanamke ana hesabu yake na hii hesabu hawaambiwi vizuri. Kwa mwanamke dawa hii inataka kama siku saba za kumeza bila kukosa ndo ikae sawasawa kule inakohitajika, na ukiruka ruka siku inashuka haraka. Sasa wadada wengi wanaimeza kama P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Ijumaa anameza, Jumamosi anameza, Jumapili kapumzika mpaka Ijumaa nyingine, na moyoni anajua amejikinga. Hajajikinga. Uko mpango wa kumeza kabla na baada ya tendo lakini huo ni wa wanaume wanaolala na wanaume, kwa mwanamke haufai. Na nani wa kumkalisha chini amweleze hivyo? Nesi ana dakika tano na foleni ya watu arobaini mlangoni. Mimi nikimsuka mtu rasta ndogo ndogo nakaa naye saa nne.

Na msomaji asidhani hii ni tabia ya wadada wa Malindi. Kwenye semina tulielezwa kuhusu utafiti wa FEM-PrEP uliofanywa Bondo kule Siaya, Arusha na Afrika Kusini, ukasimamishwa 2011 kwa sababu waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa waliambukizwa karibu sawa. Wanawake karibu wote walisema wanameza, damu ilipopimwa hata wanne kati ya kumi hawakufika wenye dawa mwilini. Lakini miaka hiyo hiyo kulikuwa na utafiti mwingine wa Kenya na Uganda, huu ulikuwa wa wenza, mmoja ana virusi mwingine hana, na dawa ile ile ikapunguza maambukizi kwa asilimia 75. Dawa ni ile ile jamani. Mimi nilivyoelewa ni kwamba kule kwa wenza kidonge kinakaa juu ya meza, wa nyumbani anajua, anakukumbusha, anakuletea maji. Huyu mdada wangu anameza chooni taa imezimwa.

Sasa niwaambie kile kituo kilikuwaje. Ilikuwa nyumba ya kawaida, mlangoni hapana kibao, uani pana mkeka na birika la chai, kinafunguliwa saa nne asubuhi wakati watu wa usiku ndo wanaamka, na siku nyingine kinakwenda mpaka usiku. Bafu lipo. Nesi anawajua kwa majina yao ya nyumbani, yale ya kazi hayataji. Mtu anaingia pale kama anayeenda kwa shangazi yake, anaoga, anakunywa chai, anapimwa, anatoka na dawa kwenye mkoba, hakuna jirani wa kuuliza. Wadada waliokuwa wanameza vizuri nawajua mimi kwa idadi, na karibu wote walikuwa wa pale.

Januari 2025 siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani ya nje, na vituo vya namna hii vikafungwa sehemu nyingi za Kenya, chetu kikiwemo. Baadaye wakaruhusu baadhi ya huduma za UKIMWI ziendelee lakini PrEP ya pesa zao ikabaki ni ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nakumbuka tulienda tukakuta kufuli, na ule mkeka umekunjwa umeegemezwa ukutani ndani, unauona kwa dirishani. Boksi la mwisho la mipira nililokuwa nalo liliisha kwa siku tisa. Wadada wakaambiwa dawa bado ziko hospitalini nendeni kule mtapewa. Na kweli zilikuwepo, hilo sikatai.

Mwezi wa tatu nikampeleka mmoja, sitamtaja, nitasema tu ni mtu wa miaka ishirini na sita ana mtoto mmoja anasoma gredi ya pili. Alikuwa amebakiwa na vidonge vinne. Hospitali nayo siitaji manake sikuja hapa kumwaga unga wa mtu. Tulifika saa mbili na nusu asubuhi, yeye alikuwa ametoka kazini saa kumi na moja alfajiri, hajalala, macho mekundu, amejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi. Getini mlinzi akauliza mnaenda wapi, tukasema PrEP, hakujua, tukasema basi CCC, hapo akajua, akanyoosha mkono huyooo kule nyuma, na waliokuwa foleni ya getini wote wakageuka kutuangalia. CCC kila mtu Malindi anajua ni kliniki ya wenye virusi. Nje pana benchi refu la mbao limepakwa rangi ya kijani chini ya mwarobaini, na wamelielekeza kwenye ile njia wanayopita kina mama kupeleka watoto chanjo. Yaani kila mama wa mtaani anayepita na mtoto mgongoni anakuona uso kwa uso.

Tulikaa pale mpaka saa sita kasoro. Alipita jirani yake, wanakaa ploti moja, akapunguza mwendo, akaangalia, akasalimia kwa sauti ya kuonea huruma, shoga yangu pole, akaenda zake. Alafu nesi akatoka mlangoni akasema wale wa PrEP wale wa kujiuza simameni huku. Kwa sauti. Watu ishirini na kitu wamekaa pale. Walisimama watatu na nawahakikishia kulikuwa na wengine ambao hawakusimama, niliwaona wakiangalia chini kisha mmoja mmoja wakaondoka. Ndani tulimkuta nesi mwingine, dada mpole sana, akampima, akamweleza vizuri, akampa dawa ya mwezi mmoja. Huyo mpole namshukuru mpaka leo. Lakini mambo yalikuwa yameshaharibika nje.

Jioni ile ile kwenye ile ploti habari ilikuwa fulani ana mdudu. Yeye hana virusi, ameenda kuchukua dawa ya kuzuia virusi, na anarudi nyumbani ameshapewa ugonjwa na mtaa. Mke wa mwenye nyumba akatenga kikombe chake. Watoto wakakatazwa kucheza na mtoto wake. Sasa ewe ndugu msomaji uliyeandika barua, ungekuwa wewe ungerudi mwezi uliofuata kulikalia lile benchi?

Na kichupa chenyewe. Cheupe cha plastiki, vidonge thelathini ndani, hakina tofauti na vile vya ARV ambavyo kila mtu ameshaviona kwa jamaa yake, na ukitembea kinalia kama kayamba. Wadada wanakijaza pamba kisilie. Mmoja aliniomba kikopo kitupu cha jeli ya nywele, nikakiosha nikakianika, akamimina vidonge humo akakiweka pamoja na vipodozi vyake, ukifungua mkoba huwezi kujua. Ilibidi nimwambie kile kipakiti kidogo kilichokuwa ndani ya chupa asikitupe, akihamishe nacho, manake hali ya hewa ya huku kwetu ya pwani na unyevu wake vidonge vinaharibika, na hata hivyo afadhali vikae kwenye chupa yake. Akaniambia afadhali viharibike kuliko mteja kuviona. Alikuwa ameshapigwa mara moja, mteja alikuta kichupa akadhani analala na mgonjwa. Askari wakifanya msako usiku wanamwaga mikoba chini barabarani, lipstiki, simu, mpira, kichupa, na mwenye kichupa ndo anayechekwa.

Tena kuna yule wa nyumbani, mpenzi asiye mteja. Ukiwa na huyo, mpira hautumiki manake ukiutoa ni kama umemwambia humwamini, na huyo huyo ndo hajulikani analala wapi siku zingine. Kidonge kingemsaidia hapo kuliko popote lakini ndo mtu wa kwanza kufichwa.

Halafu kazi hii ya huku ina msimu. Mwezi wa nne hoteli nyingi zinafunga, Wataliano wameenda kwao, mvua zinaanza, na wadada wanatawanyika, huyu Mtwapa, huyu Mombasa, huyu Lamu kwa binamu yake, mpaka watalii warudi. Dawa inaisha akiwa huko. Anaenda hospitali ya huko anaambiwa faili yako iko Malindi. Nauli ya kurudi kuchukua vidonge inazidi anachoingiza kwa siku tatu. Basi anaacha, na akirudi msimu unaofuata hakuna wa kumwambia aanze upya na ahesabu zile siku saba.

Makadirio ambayo serikali yetu imekuwa ikiyatumia kwa miaka mingi ni kwamba karibu wanawake 29 kati ya kila 100 wanaofanya kazi hii Kenya wana virusi, wakati kwa watu wazima wote utafiti wa KENPHIA wa 2018, ule wa kupima virusi nchi nzima, ulipata hawafiki 5 kati ya 100. Maana yake ni kwamba wale 71 waliobaki ndo wa kulindwa, na wako hapa, nawasuka kila siku.

Nirudi kwa yule niliyempeleka. Vile vidonge vya mwezi mmoja alivimeza vikaisha, hakurudi. Nilimwambia, nikamwambia tena, nikamwambia nitaenda mimi nimchukulie, lakini hawampi mtu mwingine, lazima apimwe mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alikuja saloni saa tatu asubuhi, saa ambayo hajawahi kuja, nilikuwa bado nafagia. Akakaa kwenye kiti. Hakusalimia. Akavua mtandio akasema ninyoe zote. Alikuwa na nywele za kufika mabegani, mimi mwenyewe nimezilea miaka minne. Nikashika mkasi nikashindwa, nikauweka, nikaenda nikafunga mlango. Nilijua kabla hajasema.

Sasa hivi anaenda pale pale kwenye lile benchi kuchukua ARV. Na nataka msomaji asikie hili vizuri: anameza kila siku saa tatu usiku, ameweka alarimu kwenye simu, hajaruka hata siku moja. Ni yeye yule, mkono ule ule, mdomo ule ule. Kumbe kumeza anaweza. Alichoshindwa ni kukaa pale chini ya mwarobaini akionekana mgonjwa wakati ni mzima.

Habari kubwa sasa ni sindano. Lenakapaviri, unadungwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwenye utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa 2024 wasichana na wanawake zaidi ya 2,000 walidungwa na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, Marekani ikaipitisha Juni 2025 na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata. Nilipowasomea wadada habari hii walishangilia, kweli kabisa, mmoja alisimama na rola kichwani akapiga vigelegele, manake hakuna kichupa, hakuna kayamba, hakuna cha kuanguka kwenye mkoba. Mimi pia nimefurahi. Lakini nina wasiwasi wangu, na nawaomba wakubwa wausikie mapema: mkiipeleka sindano hiyo kule kule nyuma CCC, saa mbili mpaka saa kumi jioni, benchi lile lile, mtangoja wadada na hamtawaona, kisha mtasema tena hawajipendi.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013 kwa hivyo nasema na watu wa Kaunti ya Kilifi moja kwa moja, hatuwezi kukaa tunasubiri Marekani ibadilishe mawazo. PrEP itolewe chumba kile kile cha uzazi wa mpango, mwanamke akiingia pale hakuna anayejua amefuata nini, sindano, vidonge au ushauri. Vidonge vitiwe kwenye pakiti ya kawaida isiyopiga kelele. Aliyezoea apewe vya miezi mitatu bila kuzungushwa, na kama ana kadi ya Malindi apewe hata akiwa Lamu. Kule Kisumu na Thika wamejaribu kuigawa kwenye kemisti, mtu anapimwa pale pale na kupewa, na huku kwetu kemisti zimejaa kila kona na zinafungwa usiku sana, tunashindwa nini? Na siku moja tu kwa wiki kliniki ifunguliwe jioni, manake mnamtaka mtu aliyelala saa kumi na mbili asubuhi awe foleni saa mbili, hata wewe mhariri hungeweza. Na nesi aambiwe asiite watu kwa kazi zao. Hilo halina bajeti.

Kama chumba ndo shida mimi nina chumba. Nyuma ya saloni pana pahali ninapooshea nywele, pana sinki, pana taa nzuri, pana pazia zito la kitenge na mlango wake unaotokea uchochoroni. Jumatano jioni huwa sina kazi nyingi. Kaunti wakinitumia nesi, yule mpole nikimpata nitafurahi zaidi, aje na vipimo vyake na dawa zake kuanzia saa kumi na moja, kodi sitaki, chai nitapika mimi. Mkeka pia nimeshanunua.

Ni mimi,
Msusi wa Maweni,
Malindi